Sura ya Saba: Kinda Aliyeachwa, Apewe Nini?

"Paka kamla mama, baba hajaonekana tangu jana, na makinda wawili wamebaki kiotani. Niwape nini?"

Wafugaji wa njiwa hawaachi kuulizana swali hili, kuanzia Makorora, mjini Tanga, hadi Pangani. Kinachobadilika ni mkosaji tu. Leo ni paka, kesho ni manati ya watoto, keshokutwa ni wale kunguru weusi walioletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 na sasa wamejaa pwani yote, wakipora mayai na makinda ya kila ndege. Muulizaji hutaka jibu la neno moja: uji, maziwa, mkate uliolowekwa. Jibu la neno moja halipo, kwa sababu kabla ya kujua kinda ale nini, lazima ujue ana siku ngapi. Mengine yote katika sura hii yanafuata hapo.

Mtazame, umjue umri

Njiwa hutaga mayai mawili na kuyaatamia kwa siku 17 au 18, jike na dume wakipokezana. Kinda anayetoka ana uzito wa gramu 15 hivi, naye huongezeka maradufu ndani ya siku mbili. Kwa kasi hiyo, mwili wake hubadilika upesi kiasi kwamba jicho tupu latosha kumkadiria:

- Siku 1 hadi 4: macho yamefumba, ngozi ni ya waridi, mwilini ana malaika ya manjano tu.
- Siku 5 hadi 9: macho yanafunguka, na vijiti vyeusi vya manyoya vinachomoza mabawani.
- Siku 10 hadi 18: vijiti vinapasuka kuwa manyoya. Ukimkaribia anajitutumua na kukugongea mdomo.
- Siku 19 na kuendelea: ameshavaa manyoya. Uchi umebaki chini ya mabawa, na malaika machache yamesalia kichwani.

Kinda wa kundi la mwisho hakushindi, na hata wa kundi la tatu anaweza kulelewa na mtoto wa shule mwenye subira. Kundi la pili ni kazi ya kujitoa. Ama kundi la kwanza, nasema bila kuficha: wengi hufa hata mikononi mwa mjuzi, na sababu yake si uzembe.

Anachopata kwa wazazi wake

Ndege ana mfuko shingoni, juu kidogo ya kifua, unaoitwa gole. Chakula hukaa humo kwa muda kabla ya kushuka tumboni na kufika kwenye firigisi, ile misuli inayosaga. Kwa kuku, gole ni ghala tu. Kwa njiwa ni ghala na jiko.

Siku mbili hivi kabla mayai hayajaanguliwa, ngozi ya ndani ya gole la njiwa hunenepa, ikaanza kubanduka vipande vidogo vyeupe mithili ya jibini. Wafugaji huviita maziwa ya njiwa. Jike anayo na dume anayo. Kinda huingiza mdomo wake ndani ya mdomo wa mzazi na kuyapokea yakicheuliwa. Kwa siku tano hivi za mwanzo hali kitu kingine. Baada ya hapo wazazi huanza kuchanganya nafaka zilizolainika, na kidogo kidogo maziwa huisha.

Kinachoyatoa ni homoni, yaani ujumbe wa kikemikali unaosafiri ndani ya damu, iitwayo prolaktini. Ndiyo hiyohiyo inayomfanya mama mzazi atoe maziwa. Mmarekani Oscar Riddle na wenzake ndio walioipa jina hilo mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kipimo chao kilikuwa gole la njiwa: walimdunga dutu wanayoichunguza, kisha wakaangalia kama gole limenenepa. Ndege wengine wenye kipaji hiki ni wachache. Mmoja ni heroe, yule wa Ziwa Natron, ambaye maziwa yake ni mekundu.

Sasa linganisha. Maziwa ya njiwa yakikaushwa, zaidi ya nusu ni protini, karibu theluthi ni mafuta, na sukari ni kama haimo. Maziwa ya ng'ombe yana sukari nyingi iitwayo laktosi, na utumbo wa ndege hauna uwezo wa kuivunja. Kinda akinyweshwa, sukari hiyo hupita bila kusagwa, huvuta maji mwilini na kumharisha. Tanga ni mji wa maziwa, hakuna mtaa usio na mtu wa kukuuzia lita moja asubuhi, na nadhani wepesi huo wa kuyapata umeua makinda wengi kuliko kunguru. Mtu anaona kiumbe kichanga, mkono unakwenda kwenye kikombe cha maziwa.

Kabla ya kuwasha jiko, tafuta mlezi

Kwa kinda wa siku 1 hadi 5, tiba bora ni njiwa mwingine. Siku hizo za mwanzo njiwa hatambui mwanawe kwa sura. Hulisha kilichomo kiotani mwake. Kwa hiyo tembea mtaani uulize.

"Hodi! Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Mzee, njiwa wako wana makinda wachanga? Wangu wamefiwa, wana siku tatu."

"Yule wa pale juu kaangua juzi, na yai moja limeviza. Lete, tumjaribu."

Njiwa wa namna hiyo, mwenye kinda mmoja, ndiye unayemtafuta. Tofauti ya umri isizidi siku mbili, la sivyo mkubwa atamkanyaga mdogo na kumnyang'anya zamu. Mpachike jioni giza likianza kuingia, mzazi akiwa ametulia, na kinda awe na joto unapomweka. Hata njiwa ambaye mayai yake yote yameviza, lakini ameshaatamia siku 17, anafaa: maziwa anayo tayari. Watatu kwa jozi moja inawezekana, ila angalia gole la mdogo kila jioni. Likiwa tupu siku mbili mfululizo, mtoe.

Na kama mzazi mmoja amebaki, usiharakishe. Dume peke yake huweza kumaliza malezi ya makinda waliopita siku kumi. Kaa mbali, tazama kwa saa kadhaa, kisha shika magole. Yakiwa na chakula, waache. Wachukuaji wenye huruma mara nyingi humpora mzazi ambaye alikuwa ameenda kutafuta mtama.

*Kwa ufupi: chini ya siku tano, njiwa mwingine kwanza. Zaidi ya siku kumi na mzazi mmoja yupo, subiri. Kati ya hapo, au ukikosa mlezi, endelea kusoma.*

Joto ni la kwanza, chakula baadaye

Kinda aliyepoa hasagi chakula. Ukimlisha akiwa baridi, uji hukaa ndani ya gole, huchacha, na kesho yake unamzika ukidhani alikuwa na njaa. Mshike miguu: ikiwa baridi, weka kijiko chini.

Mchanga wa siku chache huhitaji nyuzi joto 34 au 35 kumzunguka. Kadiri manyoya yanavyotoka unapunguza, na akishavaa manyoya joto la kawaida la Tanga linamtosha. Tatizo letu ni msimu wa kusi, hasa Juni na Julai, ambapo usiku huweza kushuka hadi nyuzi 20 hivi na upepo wa bahari ukapenya kila ufa. Boksi la katoni, kitambaa, na chupa ya maji ya moto iliyovikwa soksi vinatosha. Chupa iwekwe upande mmoja tu ili aweze kujisogeza, na maji yabadilishwe kila baada ya saa tatu hivi. Balbu ni nzuri hadi umeme ukatike, kwa hiyo chupa iwe karibu. Msimu wa kaskazi kosa ni la upande wa pili: boksi chini ya mabati saa nane mchana. Akitweta mdomo wazi na kutanua mabawa, anaungua.

Chini atandikiwe kitambaa kikavu kisichoteleza. Kwenye gazeti miguu hutanuka pembeni na mifupa ikakomaa hivyohivyo. Usitumie nyuzi za mkonge wala makumbi yaliyochambuliwa, ingawa ndivyo vilivyo jirani yetu. Uzi mmoja ukijisokota kwenye kidole cha kinda anayekua, damu hukatika na kidole hukauka. Ukiokota kinda yeyote, mtazame miguu kwanza.

Boksi lisikae sakafuni. Liweke juu ya meza, na kila mguu wa meza usimame ndani ya kopo la maji. Sisimizi hufuata harufu ya uji, na siafu wakiingia usiku hutakuta cha kuokoa.

Uji wa kinda

Hapa umri unaamua tena.

Siku za mwanzo, kama mlezi amekosekana kabisa, chukua kiini cha yai lililochemshwa, kisage na maji ya uvuguvugu, kichuje kwa kitambaa hadi kiwe chepesi. Kina protini na mafuta, hakina sukari. Ndicho kilicho karibu zaidi na maziwa ya njiwa katika jiko la kawaida.

Kuanzia siku ya tano, nunua kwenye duka la pembejeo za mifugo chakula cha kuanzia cha vifaranga vya kuku. Kisage tena kiwe unga laini, loweka kwa maji ya moto dakika kumi, chuja. Changanya na kiini cha yai, na kila siku punguza kiini na uzito wa uji uongeze. Kufikia siku ya kumi uwe mzito wa kutiririka polepole kwenye kijiko. Baada ya wiki mbili, choroko na mtama uliolowekwa usiku kucha huanza kuingia, mbegu nzimanzima.

Nusa kila unga kabla ya kutumia. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na unga wa mahindi au mashudu ya karanga yaliyokaa kwenye gunia huota ukungu unaotoa sumu iitwayo sumukuvu. Ndege huathirika nayo vibaya. Dunia iliigundua kwa njia hiyo: mwaka 1960 zaidi ya batamzinga 100,000 walikufa Uingereza, na chanzo kikafuatiliwa hadi kwenye mashudu ya karanga. Uji uliobaki baada ya mlo umwagwe. Asubuhi hadi mchana ni muda mrefu mno kwa bakuli lililo wazi.

Usimpe mkate, ugali mtupu, wala chochote chenye chumvi ya mezani.

Joto la uji liwe nyuzi 38 hadi 40. Chini ya hapo gole hukataa kufanya kazi. Juu ya 43 linababuka kwa ndani, na baada ya siku chache utaona tundu kifuani uji ukivuja. Usitegemee kidole, kwa maana kidole cha mtu aliyezoea jiko la mkaa ni shahidi mbovu. Kipimajoto cha homa cha duka la dawa hupima kiwango hikihiki. Koroga vizuri, kichovye, soma.

Mkono, bomba na mdomo

Kinda wa shomoro au mnana hukuachamia mdomo juu, ukaweka chakula. Njiwa hafanyi hivyo. Yeye ndiye anayechomeka mdomo wake ndani ya mzazi. Anayemfungua kwa nguvu na kumimina kwa kijiko anapigana na maumbile, na mara nyingi uji huishia kwenye mapafu, kwa sababu tundu la hewa liko palepale nyuma ya ulimi.

Tengeneza mdomo wa bandia. Chukua bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yake, na ukate ncha ya mbele libaki wazi. Kata kidole cha glavu ya mpira, kivishe pale mdomoni, kaza kwa mpira wa noti, kisha kichane katikati mkato mdogo unaomeza mdomo wa kinda. Jaza uji upande wa nyuma, rudisha kishikio.

Mketishe juu ya kitambaa, kiganja kikimzunguka nyuma ili asirudi kinyumenyume. Kwa kidole gumba na cha shahada mguse taratibu pembe mbili za mdomo. Ataanza kutikisa kichwa na kutafuta. Mwongoze kwenye ule mkato, na akishaingiza mdomo sukuma kidogo sana. Utahisi mwili mzima ukitetemeka: anavuta. Mwache avute mwenyewe. Kila baada ya sekunde chache mtoe apumue, ukimtazama puani. Uji ukitokea puani, simama, muinamishe kichwa chini, mfute. Mara ya kwanza huenda asielewe kabisa, ukamaliza nusu saa na mililita mbili. Ya tatu au ya nne atakuwa anakurukia.

Kipimo ni sehemu ya kumi ya uzito wake: mwenye gramu 100, mililita 10. Ukikosa mizani, tumia gole lenyewe. Lijae lakini libonyee kama embe dodo lililoiva. Likiwa gumu umezidisha. Mchanga kabisa hula kila saa mbili, na usiku mara moja. Wa kundi la pili kila saa tatu au nne, mchana tu. Wa kundi la tatu mara tatu au nne kwa siku, wa mwisho mara mbili au tatu.

Saa hizo, hata hivyo, si sheria. Sheria ni gole: kabla ya kulisha, lishike. Likiwa bado na chakula, ngoja. Na kila siku asubuhi, kabla ya mlo wa kwanza, liwe tupu kabisa. Kumwaga uji mpya juu ya uji wa jana ndiko kunakozalisha ule ugonjwa wa gole chachu, ambapo hamira na bakteria huota ndani na pumzi ya kinda ikanuka kama togwa la juzi. Asubuhi ukikuta halijashuka, mpe maji ya uvuguvugu mililita mbili tatu kwa bomba lilelile, lisugue gole kwa kidole taratibu, ongeza joto la boksi, ruka mlo mmoja. Lisiposhuka hadi mchana, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Kila baada ya mlo mfute mdomo na shingo kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Uji uliokaukia mdomoni huukunja ukakua upande. Bomba lioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kila mara.

Wako wanaotafuna nafaka na kumwacha njiwa achomeke mdomo kwenye midomo yao wenyewe. Ni njia ya kale na kinda huipenda. Siipendi mimi. Mate ya mtu yana bakteria wasiomfaa, na vumbi la kinyesi na manyoya ya njiwa na kasuku huweza kumpa mtu homa ya mapafu iitwayo homa ya kasuku. Nawa mikono, kabla na baada.

Magonjwa matatu ya kuyajua

Utando wa njano kama jibini mdomoni au kooni: husababishwa na kijidudu ambacho wazazi humwambukiza kinda kupitia maziwa yao. Usiubandue, utatoka damu. Dawa ipo, aandike daktari.

Vipele vikavu kwenye mdomo, kope na miguu: ni ndui ya ndege, na mbu ndio wabebaji. Neti juu ya boksi wakati wa masika na vuli haina gharama.

Mdondo: shingo kupinda, kinyesi cha kijani. Kinda mgonjwa hana tiba. Chanjo ya matone ya jicho inayovumilia joto hutengenezwa nchini kwa ajili ya kuku. Uliza mtaalamu wa mifugo wa kata kuhusu njiwa wako wazima.

Kasuku na ndege wa porini

Wengine huuliza juu ya kasuku. Nchi yetu ni nyumbani kwa wale kasuku wadogo wa kijani wanaopendwa dunia nzima: wenye vichwa vya rangi ya chungwa wa kusini mwa Ziwa Victoria, na wenye shingo ya njano wa nyanda za kati. Katika miaka ya 1980 walikamatwa na kusafirishwa nje kwa wingi wa kutisha. Kwenye minazi na mikoko yetu ya pwani yupo kasuku mwingine, mwenye kichwa cha kahawia. Hawa wote ni wanyamapori. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haikuruhusu kuwakamata bila kibali, na mwaka 2016 Serikali ilitangaza kusitisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Mwaka huohuo kasuku wa kijivu aliingizwa kwenye daraja la ulinzi mkali kuliko yote la CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Anayekuuzia kinda wa kasuku kwenye kikapu kando ya barabara anakuuzia kesi, na nyuma yake kuna mti uliokatwa ili pango lifikiwe.

Ukiokota kinda wa porini aliyeanguka, mrudishe kiotani. Si kweli kwamba mama humkataa akinusa mkono wa mtu. Kiota kikiwa kimevunjika, funga kikapu kidogo kwenye tawi lilelile. Ikishindikana kabisa, mpeleke kwa ofisa wanyamapori, na njiani kumbuka kwamba si kila ndege hula uji wa njiwa. Tetere, sawa. Mnana na wenzake huhitaji wadudu, kila nusu saa. Bundi, ambaye watu humtupa kutoka darini kwa hofu ya uchuro, anakula nyama.

Kumwachisha

Kuanzia siku ya 21 mwagia mtama, choroko na uwele uliobarazwa mbele yake kila asubuhi, kabla ya bomba. Gonga punje kwa ncha ya kidole, ataiga. Maji yawe kwenye kibakuli cha kina cha mdomo wake. Muinamishe mara moja tu ahisi, kwani njiwa huvuta maji bila kuinua kichwa, tofauti na kuku. Usimwachishe kwa kalenda. Punguza mlo mmoja kila baada ya siku mbili, na ule wa jioni ubaki hadi umkute jioni gole limejaa mbegu alizojiokotea mwenyewe. Wengi hufika hapo kati ya siku ya 28 na 35, na uzito kupungua kidogo ni kawaida.

Kinda aliyelelewa peke yake huwa na kasoro moja ya kuchekesha. Hujiona mtu. Dume wa namna hiyo akikomaa hukoroma na kuzunguka kandambili za mwenye nyumba, wala hana habari na jike. Ndiyo maana, ukiweza, lea wawili pamoja, na wakishafunguka macho boksi liwe mahali wanapowaona njiwa wengine. Wakishajilisha, waweke wiki nzima ndani ya tundu lililo ndani ya banda, kubwa la kujinyoosha, ili wakubwa wawazoee bila kuwapiga. Siku ya kufungua iwe jioni, saa kumi na moja hivi, kunguru wakianza kurudi kwenye miembe yao, na njiwa wako wakiwa bado hawajala. Watazunguka paa mara mbili tatu. Tikisa kopo la mtama.